Kupanda hadi Marafa na Betri Ndogo: Mazungumzo na Waendesha Baiskeli za Umeme wa Malindi

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote.

Kabla ya lolote: aliyeegemeza baiskeli yake kwenye ule ukuta unaopigwa jua, na betri imo ndani, aende akaisogeze kivulini. Tutamsubiri. Sababu tutaifikia.

Wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana wa kusambaza mikate na vifurushi, sisi ni mafundi, na tumeombwa tuseme jambo moja tu: baiskeli nyepesi ya umeme, ile ya kilo 15 hadi 18 yenye betri ndogo, itafikaje mbali penye kupanda. Wapo watakaosema Malindi haina vilima. Ni kweli, ukizunguka mjini hutakutana na mwinuko wa kukutoa jasho. Lakini vuka daraja la Sabaki, uiache njia ya Mambrui, ushike ya bara kwenda Marafa, utaona ardhi inavyoinuka. Rudi kutoka Watamu msimu wa kaskazi uone kama hutadhani umefungiwa kamba nyuma. Ingia kwenye mchanga wa kichochoro chochote karibu na ufuo. Mwinuko, upepo na mchanga, kwa mota vyote ni kitu kimoja: uzito unaokuvuta nyuma. Basi tutavipima kwa kipimo kimoja, kilo za kuvuta nyuma, ili hesabu iwe nyepesi kwa kila mtu.

Tuchukulie mtu wa kilo 75, baiskeli kilo 17, mzigo kilo 8. Jumla kilo 100. Kwenye lami nzuri, matairi peke yake hukuvuta nyuma kwa kilo 0.8 hivi. Barabara ya vumbi iliyoshikana, kama kilo 1.5. Mwinuko ni rahisi kuukumbuka: asilimia 1, yaani kupanda mita 1 kwa kila mita 100, ni kilo 1; asilimia 5 ni kilo 5, asilimia 8 ni kilo 8. Mchanga mlaini huweza kufika kilo 10 na kupita, ndiyo maana mota inayopanda vizuri hukwama ufuoni palipo sawa kama meza. Upepo nao: ukienda kilomita 20 kwa saa hewa ikiwa imetulia, hewa hukuvuta kwa kilo 1 tu. Upepo wa kilomita 15 kwa saa ukikupiga usoni, kilo hiyo 1 hugeuka 3. Umeongezewa kilima cha asilimia 2 ambacho hakiishi hadi ufike nyumbani.

Sasa betri. Tazama maandishi yake: volti mara ampea-saa hutoa wati-saa, yaani kiasi cha umeme kilichomo. Betri ya volti 36 na ampea-saa 7 ina wati-saa 252. Usizihesabu zote, chukua 230, maana za mwisho hazitoki vizuri na wala hazifai kutolewa. Zile kilomita 60 au 80 zilizoandikwa kwenye boksi ni za mtu mwepesi, njia tambarare, hewa tulivu, na msaada wa mota uliowekwa chini kabisa. Hatusemi ni uongo. Tunasema si za kwako wewe mwenye keria imejaa mikate.

Kuinua kilo 100 kwa mita 100 kwenda juu huhitaji wati-saa 27. Hapo hakuna kupatana bei. Ukipanda kwa kasi au polepole, kwa njia kali au ya kuzunguka, ni zile zile 27. Na kwa kuwa mota na kontrola (kile kisanduku kinachoigawia mota umeme) hupoteza kama robo ya umeme njiani, mota ikiibeba kazi hiyo peke yake betri hutoa 36. Kila kilo 10 za mzigo zinaongeza karibu 4 kwa kila mita 100. Kwa hiyo ukiambiwa uache nyumbani kufuli la kilo tatu, faida ipo lakini ni ndogo. Kinachobadilisha safari ni kujua nani analipa zile 27: betri au miguu.

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo mtuvumilie na tarakimu kidogo.

Miguu ni kibarua anayelipwa kwa saa. Mtu wa kawaida anayekanyaga bila kuhema hutoa wati 80 hivi. Akikanyaga saa nzima ametoa wati-saa 80, awe amekwenda kilomita 15 au 25. Betri yenyewe inadaiwa kwa kilomita. Sasa tazama njia tambarare, lami, hewa imetulia. Kwa kilomita 15 kwa saa, kila kilomita huhitaji wati-saa 3.75. Kwa 20, huhitaji 5. Kwa 25, huhitaji 6.6. Miguu yako ya wati 80 hutoa kwa kila kilomita wati-saa 5.3 ukienda 15, hutoa 4 ukienda 20, na 3.2 ukienda 25. Toa moja kwa nyingine. Ukienda 15 mota haina kazi kabisa. Ukienda 20 mota inadaiwa 1 kwa kila kilomita. Ukienda 25 inadaiwa 3.4. Umeongeza kasi kwa robo tu, lakini deni la betri limezidi mara tatu.

Kwenye kupanda hesabu ni hiyo hiyo. Chukua kilima cha asilimia 5 chenye urefu wa kilomita 2, yaani mita 100 za kupanda, na miguu ikaze kidogo hadi wati 100. Ukipanda kwa 20 kwa saa unafika juu kwa dakika 6, na mota imefanya kazi ya wati-saa 27. Ukipanda kwa 15 unatumia dakika 8, mota 21. Ukipanda kwa 10 unatumia dakika 12, mota 13. Umechelewa dakika 6, umeokoa nusu ya umeme wa kilima. Mwenye haraka ataona dakika 6 ni nyingi. Aliyewahi kuisukuma baiskeli iliyokufa kutoka bara hadi darajani hataona hivyo.

Lakini kuna polepole ya namna mbili, na moja inaua mota.

Mota ndogo ya kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, ile ya wati 250 yenye gia za plastiki ndani, hutoa nguvu ya kuzungusha kwa mkondo. Kadiri unavyoitaka nguvu, ndivyo mkondo unavyopanda kwenye nyaya zake, na joto hufuata mraba wa mkondo. Mkondo ukizidi mara mbili, joto linazidi mara nne. Mtu aliyekaa tu, amebonyeza mkono wa mota (ule wa kuongezea moto kwenye usukani), miguu imelala, akapanda mwinuko wa asilimia 8 kwa kilomita 6 kwa saa, anaidai mota ivute kilo karibu 9 peke yake. Kwa tairi la inchi 26 hiyo inakaribia mwisho wa uwezo wa mota ya ukubwa huo. Inazunguka polepole mno, umeme unaingia mwingi, na sehemu kubwa ya umeme huo, huenda hata nusu, inabaki ndani ya habu ikiwa joto. Betri inakwisha, nawe husongi mbele.

Mtu yule yule akikanyaga kwa wati 100 akiwa kwenye kasi ya 8 kwa saa, miguu inabeba kilo 4 na nusu kati ya zile 9. Mota imebaki na nusu, na joto la nyaya limeshuka hadi robo. Kwa hiyo tukisema pandeni taratibu, maana yake ni taratibu mkiwa mnakanyaga. Ukishindwa kukanyaga, basi heri kasi ya wastani kuliko kutambaa. Na kama ni kali mno, shuka uisukume mita 50 hizo. Hakuna aibu.

Jinsi ya kujua mota imechoka: ukifika juu, simama, uguse ganda la habu kwa kiganja. Ukiweza kuushikilia mkono pale bila shida, endelea. Ukishindwa kuushikilia kwa sekunde tatu, ndani kuna joto kuliko hilo unalolihisi nje, maana joto huchelewa kutoka. Pumzika robo saa. Gia za nailoni zikilainika huanza kumong'onyoka meno, na dalili yake ni sauti ya kukwaruza ukianza kuondoka, halafu mota inazunguka tupu. Gia hizo hubadilishwa. Kwa fundi anayejua si kazi kubwa. Nyaya zikiungua, unatafuta mota nyingine.

Kuna aliyetuuliza mlangoni kama anunue tairi dogo au kubwa. Kwa vilima, mota ile ile kwenye tairi la inchi 20 hufanya kazi ndogo kuliko kwenye la 26. Nguvu ya kuzungusha inayotakiwa hushuka kwa karibu robo, na joto la nyaya kwa kama asilimia 40. Hasara yake ni mashimo na mchanga, ambako tairi dogo huzama na kukurusha. Anayekwenda bara kwenye njia ya vumbi abaki na kubwa. Na baiskeli yenye mota katikati, pale kwenye pedali, ndiyo bora kuliko zote kwa kupanda, kwa sababu nguvu yake hupitia kwenye gia zako. Ila inakula mnyororo, na ukibadilisha gia mota ikiwa inavuta kwa nguvu, mnyororo huweza kukatika.

Gia, basi. Ukitaka miguu isaidie kwa kilomita 9 kwa saa, lazima iweze kuzunguka kwa raha kwa kasi hiyo, mizunguko 60 hadi 75 kwa dakika. Wengi wenu mna meno 42 mbele na 28 kwenye gia kubwa ya nyuma. Kwa tairi la 26, mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza mita 3.1, na kwa mizunguko 60 umeshafika kilomita 11 kwa saa. Chini ya hapo unasaga magoti, unachoka, unauachia mkono wa mota kazi yote. Badilisha gia za nyuma ziwe za kufika meno 34. Seti za gia saba za 14 hadi 34 zipo nyingi, na mara nyingi huongezi kitu ila kurefusha mnyororo kwa pingili mbili au nne na kuhakikisha mkono wa kubadilishia gia unafika. Sasa mizunguko 60 ni kilomita 9. Ukiweka na meno 38 mbele, ni 8. Katika yote tutakayosema leo, hiki ndicho kifaa ambacho pesa yake inarudi upesi, kuliko hata betri kubwa zaidi.

Na utaratibu wa kukiingia kilima ni huu. Punguza gia mita 20 kabla ya mwinuko, mnyororo ukiwa haujabeba uzito. Kaza miguu. Ukiona bado kasi inashuka chini ya 8 au 9, ndipo uongeze msaada wa mota, ngazi moja, usubiri, kisha nyingine kama lazima. Tunaona watu wakifanya kinyume: kilima kikianza wanapandisha hadi ngazi ya 5, gia imebaki ile ya lami, miguu inazunguka kwa heshima tu. Hapo inategemea sensa yako. Baiskeli nyingi za bei nafuu zina ile pete ya sumaku inayojua pedali zinazunguka, lakini haijui kama unakanyaga kwa nguvu. Ukiwa ngazi ya 5 inakupa nguvu za ngazi ya 5 hata miguu ikicheza. Kwa sensa hiyo, mwenye kugawa kazi ni wewe kwa kidole chako. Zile zenye sensa ya kupima mkanyago hugawa zenyewe, na ndiyo maana betri ndogo huwafikisha wenyewe mbali.

Karibu na kilele, mita 20 kabla, rudisha msaada chini. Kasi uliyo nayo itakumalizia. Ukiteremka zima mota, uache baiskeli iteleze, na kasi ya chini ya bonde uitumie kuanza kilima kinachofuata. Breki ndiyo mahali umeme wa kilima unapotupwa. Kuna wanaouliza mota kurudisha umeme kwenye betri wakati wa kuteremka. Mota ndogo zenye gia ndani zina friwili inayoliacha gurudumu lizunguke bila mota, hazirudishi chochote. Zile kubwa nzito zisizo na gia zinaweza, lakini kinachorudi ni kidogo, na uzito wake unaulipia kila kilima. Kwa baiskeli nyepesi, msahau hilo.

Tuje kwenye malalamiko tunayoyasikia kuliko yote: "Betri ilionyesha vijiti viwili, nikaanza kupanda, ikazima. Nikapumzika, ikawaka tena. Betri ni mbovu?" Mara nyingi si mbovu. Betri ya ampea-saa 7 huwa na seli 20, makundi 10 yaliyofuatana, kila kundi seli 2. Ikijaa husoma volti 42. Kontrola huikata ikifika 31 hivi. Ndani yake kuna ukinzani, yaani kizuizi cha umeme, kinachopimwa kwa omu. Tuchukulie omu 0.2 kwa betri isiyo mpya. Ukiivuta ampea 15, volti 3 zinapotea hapo hapo, na wati 45 zinapasha seli joto. Ukiivuta ampea 7, zinapotea volti 1.4 na wati 10 tu. Betri iliyotulia kwenye volti 34 inaonekana bado ina kitu, na kweli inacho. Lakini ampea 15 zinaishusha hadi 31, kontrola inakata. Ampea 7 zinaiacha kwenye 32.6, unaendelea kupanda.

Kutokana na hilo mnapata mambo mawili ya kufanya. Kwanza, kilima kikubwa kiwe mwanzoni mwa safari betri ikiwa imejaa, si mwishoni. Ukiwa na njia mbili za kurudi, chagua ile ambayo mwisho wake ni mteremko au tambarare. Pili, chini ya volti 36 usipite ngazi ya 2 penye kupanda. Ikikukatikia, zima kabisa, pumzika dakika tano, washa ngazi ya 1, na ukanyage. Usiwe wa kuwasha na kuzima mara kumi ili ufike. Kila mara unaibana zaidi seli iliyo dhaifu kuliko wenzake, na hiyo ndiyo itakayoiua betri nzima. Na siku hiyo hiyo uichaji, isilale tupu.

Vijiti vya kwenye kioo msiviamini sana. Tazameni volti, baiskeli ikiwa imesimama dakika mbili. Karibu 39 ni robo tatu hivi. 37 ni nusu. 36, ambayo wengi hudhani ndiyo nusu kwa sababu imeandikwa kwenye betri, ni kama robo tu. 35 ni wakati wa kuelekea nyumbani, na 34 uwe umeshafika. Anayetaka uhakika anunue mita ya wati inayofungwa kati ya betri na kontrola. Jaza betri, nenda kilomita 10 njia yako ya kila siku, gawa wati-saa zilizotumika kwa 10. Ukipata 4 au 5, uko vizuri. Ukipata 10 kwenye lami, kuna kitu kimeharibika au ni mkono wako wa kulia.

Vinavyoharibika, kwa haraka. Tairi la upana wa inchi 2 lijazwe PSI 40 hadi 45 kwa lami, na usipite kiwango kilichoandikwa ubavuni. Mchangani shusha hadi 20 au 25, ukirudi lamini pampu tena. Zungusha kila gurudumu likiwa hewani: likisimama kabla ya mizunguko michache, breki inagusa au beringi imekauka. Gurudumu la mota huwa zito kidogo kuzunguka, lilinganishe na lilivyokuwa jipya.

Chumvi ya bahari inahitaji maneno zaidi. Hapa kwetu plagi za betri huota ukungu wa kijani ndani ya miezi. Ukungu huo ni ukinzani. Omu 0.1 tu kwenye plagi, ukivuta ampea 15, ni volti 1.5 zimepotea na wati 22 za joto kwenye kitu cha ukubwa wa kidole. Ndiyo maana plagi nyingi mnazotuletea zimeyeyuka upande mmoja. Kila mwezi, betri ikiwa imezimwa na kutolewa, safisha ncha kwa dawa ya kusafishia plagi za umeme na mswaki wa zamani, acha zikauke, pakaa grisi kidogo isiyopitisha umeme. Plagi ikiwa ya moto baada ya kilima, hiyo ndiyo dalili, usingoje ianze kunuka. Na tafadhali msioshe baiskeli hizi kwa mpira wa presha. Kitambaa chenye maji baridi ya bomba kinatosha. Mnyororo ufutwe chumvi na upakwe mafuta machache, yaliyozidi yafutwe, la sivyo mchanga unashikamana nayo na kuusaga.

Upepo uwekeni kwenye ratiba. Kuanzia Aprili hadi karibu Septemba kusi hutoka kusini na kusini-mashariki: anayekwenda Gede na Watamu anakutana nao usoni, akirudi Malindi unamsukuma. Hilo ni zuri, kwa kuwa gharama umeilipa betri ikiwa imejaa. Kuanzia Desemba hadi Machi kaskazi hugeuza mambo: unakwenda Watamu kwa raha, unadhani betri imekuwa nzuri ghafla, halafu kurudi ndiko kunakoumiza. Msimu huo geukeni mkiwa bado na zaidi ya nusu, yaani juu ya volti 37. Asubuhi upepo umelala, mchana unaamka. Safari ya mzigo mzito iwe kabla ya saa nne. Na upepo ukikupiga usoni, usishindane nao. Shuka kutoka 20 hadi 15 kwa saa, ujikunje kidogo usukani, na keria usiifungie boksi pana kuliko mabega yako.

Sasa ule ukuta wa jua. Seli hizi zisichajiwe zikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 45. Hewa yetu ya Machi ni nyuzi 31 au 32, lakini boksi jeusi la betri juani hupita 45 bila shida. Ukitoka juani au umetoka kupanda, ngoja saa moja kivulini ndipo uchomeke chaja. Kinachoizeesha betri ya Pwani kuliko hata vilima ni kukaa imejaa kabisa kwenye joto. Kwa hiyo usiijaze usiku ikalala imejaa hadi mchana wa pili. Chaja ya ampea 2 huijaza betri ya ampea-saa 7 kwa kama saa nne. Anza alfajiri, ikimaliza uondoke nayo. Siku za kazi fupi ikomeshe kwenye volti 41. Ukisafiri wiki nzima, iache kwenye 37 au 38, imetolewa kwenye baiskeli, chumbani, mbali na jiko.

Tuipige hesabu safari ya Marafa, kwa wale wanaowapeleka wageni kuona Nyari, lile korongo la Marafa. Tuchukulie kilomita 30 kwenda, nusu lami nusu vumbi, kupanda kwa jumla mita 200, mzigo wetu ule ule wa kilo 100, hewa imetulia. Ukienda kwa 18 kwa saa, safari inahitaji wati-saa 217 hivi. Kwa muda wa saa moja na dakika 40, miguu ya wati 80 inatoa kama 133. Mota inabaki na 84, na betri inatoa kama 112. Kurudi kunateremka, kwa hiyo betri ya 230 inatosha ukibaki na akiba. Ukienda kwa 25, safari inahitaji 281, muda ni saa moja na dakika 12, miguu inatoa 96, mota inabaki na 185, na betri inadaiwa 247. Hiyo ni betri yote na zaidi, na bado hujaanza kurudi. Umewahi kufika kwa dakika kama 28. Mgeni wako ana uzito wake mwenyewe na baiskeli yake, hatumhesabu hapa. Lakini ukimbeba kwenye keria, badilisha kilo 100 ziwe 170 na usitudai majibu.

Mzee hapo mbele ameuliza kuhusu kuongeza betri ya pili. Inawezekana, na kwa msambazaji wa kutwa nzima ndiyo njia. Lakini msiziunganishe pamoja kwa nyaya mlizokata wenyewe. Moja ikiwa kwenye 42 na nyingine kwenye 36, tofauti ni volti 6. Ukinzani wa betri zote mbili pamoja na nyaya ukiwa omu 0.3, ampea 20 zinarukia kutoka iliyojaa kwenda iliyo tupu bila kontrola kujua, na seli hazikuumbwa kuchajiwa hivyo. Moto wa betri za namna hii hauzimiki kwa ndoo moja ya maji. Tumia moja hadi volti 35, simama, zima, ichomoe, chomeka ya pili, washa. Zinunue za volti sawa na plagi sawa, na ile inayosubiri ifungwe kwenye kitambaa ndani ya boksi lenye kivuli, ncha zake zimefunikwa, isikutane na funguo wala sarafu.